Sola ya matumizi yako Kenya: leseni au la?

Hapana, ukitaka kufunga paneli za kilowati 300 juu ya paa la ghala lako huhitaji leseni ya kuzalisha umeme, mradi umeme wote unautumia mwenyewe. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 117, inaondoa sharti hilo kwa mitambo ya matumizi binafsi isiyozidi megawati 1 (kilowati 1,000). Ukianza kumuuzia jirani, hapo ni biashara na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na mafuta, watakudai leseni. Usichanganye na leseni ya fundi lakini: anayekufungia lazima awe na yake, na uikague tarehe kabla hajapanda paani. Kurudisha ziada kwenye gridi nako kunataka mkataba wake na Kenya Power.