Kabla hujachora mstari wa mvua

Wewe uliyeripoti kazini juzi, najua utakachotumwa kwanza: grafu ya mvua ya Nairobi yenye mstari wa mwelekeo. Kuichora ni dakika tano tu; kujua ni miaka mingapi ya vipimo inatosha, hapo ndipo wengi tuliponaswa.

Yangu ya kwanza ilianza 1997 na kuishia 2008. Mstari uliporomoka, nami nikaandika kwa mbwembwe kwamba vuli inapungua. Mzee mmoja wa ofisini akaniambia, "Kijana, toa huo mwaka wa kwanza, uchore tena." Mstari ukalala. Mwaka 1997 ulikuwa wa El Niño, na mimi nilikuwa nimepima mafuriko yale, nikayaita tabianchi.

Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, sasa ni 1991 hadi 2020. Lakini usiishike 30 kama amri ya mbinguni. Wastani wa joto wa Nairobi haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hutulia mapema. Mvua ndiyo kigeugeu: vuli ya 2019 ilitufurikisha, vuli ya 2021 ikawa kavu, masika ya 2024 yakabomoa nyumba Mathare. Na mhandisi akikuuliza mvua kubwa ya mara moja kwa miaka 100 ili ajenge kalvati, hata hiyo 30 ni michache. Mwambie hivyo bila haya.

Data za setilaiti kama CHIRPS zinaanzia 1981. Zitakusaidia, ila nazo hurekebishwa kwa vipimo vya vituo hivihivi vyetu, kwa hiyo kosa la kituo laweza kuingia humo pia.

Tena urefu wa rekodi pekee unadanganya. Kituo kikihamishwa, au ghorofa likiota kando ya kipimamvua, miaka 60 hugeuka kuwa rekodi mbili zilizoshonwa pamoja. Tafuta daftari la kituo, hata kama limeliwa na mende. Tazama pia wikendi. Mvua husomwa saa tatu asubuhi. Ukiona sifuri Jumamosi, sifuri Jumapili, kisha milimita 60 Jumatatu, wiki baada ya wiki, jua msomaji alikuwa nyumbani. Jumla ya mwezi itakuwa sawa, ila usithubutu kuhesabu siku za mvua hapo. Na pengo lisilosomwa liache wazi. Ukilijaza sifuri, umeunda ukame.