Asilimia 29 Yako Ina Matundu, na Mkeo Kayaona

*Shangazi, shikamoo. Nina mke na watoto wawili. Tunakaa nyumba ya vyumba viwili, pango lake limejumuisha maji na umeme. Nimepata nyumba ya vyumba vinne, mahali patulivu, na chumba kimoja nitakifanya ofisi yangu. Mke wangu amekataa katakata na sasa tunanuniana. Mimi nimepiga hesabu kwa uangalifu. Katika kila 100 inayoingia nyumbani, mshahara wangu ni 70, ovataimu yangu 10, na biashara yake ndogo 20. Pango la nyumba yetu mpya ni 29. Dunia nzima inajua pango lisizidi asilimia 30 ya mapato, kwa hiyo tuko salama. Yeye anajibu tu "hatuiwezi", na akizidiwa hoja anaanza kulalamika kwamba sionekani nyumbani. Rafiki zangu wote wameshahamia nyumba kubwa. Nifanyeje aelewe kwamba mimi ndiye kichwa cha familia? – Baba Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kununiana ndani ya vyumba viwili ni adhabu, maana hata pa kununia hapatoshi. Kwa hilo nakupa pole, na pole zangu zimeishia hapo. Nimeisoma barua yako, na mwenye akili timamu humo ndani ni yule ambaye hakuiandika.

Tuanze na hiyo 100. Mshahara wa 70 ni ule ulioandikwa juu kabisa ya hati ya mshahara, au ule unaoukuta benki? Makato hukuyataja popote. Mtu anayehesabu "kwa uangalifu" hayasahau makato, huyaruka. Nikukadirie kwa huruma kwamba kodi ya serikali na pensheni vinaondoka na 15. Imebaki 55. Ovataimu nayo ni hisani ya bosi. Kazi zikipungua inakufa ya kwanza, na mwenye nyumba hatakupunguzia kitu kwa msiba huo. Itoe. Ile 20 ya mkeo nayo ni ya mwezi mzuri, nakuhakikishia, kwa sababu biashara ndogo haileti kiasi kilekile kila mwezi. Tuweke 10, ya mwezi mbaya, maana mwezi mbaya nao una pango lake. Jumla ni 65. Pango lako la 29 limeshafika karibu asilimia 45.

Halafu kuna maji na umeme. Ya nyumba ya zamani umetueleza vizuri kwamba vimo ndani ya pango. Ya nyumba mpya umenyamaza, nami nimekusikia ukinyamaza. Ongeza 4. Sasa ni 33 katika 65, yaani zaidi ya nusu.

Najua utakachosema: Shangazi, kile kipimo cha 30 hupigwa kwa mapato ghafi, kabla ya makato. Ni kweli, na hapo ndipo nilipokukamata. Kipimo hicho kimelelewa Marekani. Wazee wao walisema mshahara wa wiki moja ndio ulipe pango la mwezi. Mwaka 1969, kwa juhudi za seneta Edward Brooke, ikawekwa sheria kwamba mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30. Hakuna mtaalamu aliyepima tumbo la mtu akakuta namba 30 humo. Wanasiasa walikuwa wanaamua mpangaji abebe kiasi gani na serikali ibebe kiasi gani. Wamarekani wanatumia mapato ghafi, sawa, lakini kwenye gharama wanaweka pango pamoja na maji, umeme na gesi. Anayepita 30 wanamhesabu kuwa amelemewa, anayepita 50 amelemewa vibaya. Umoja wa Ulaya wao huangalia pesa iliyobaki baada ya kodi, mstari wao ni asilimia 40, na bili za nyumba nazo zimo. Wewe umechukua mapato manono ya Kimarekani ukaziacha bili zake. Ukizirudisha, hata kwa ile 100 yako ya kujisifu ni 33. Umeshavuka mstari kwa kipimo ulichokichagua mwenyewe!

Na hata ungekuwa ndani ya mstari, asilimia ni kama mshenga: anasifu kinachosifika, madeni ya bwana harusi hayataji. Michael Stone, msomi wa Marekani, alishasema swali liulizwe upande wa pili, kwamba baada ya kulipa nyumba kinabaki nini, na je, kinatosha mahitaji mengine? Mwenye kipato kikubwa akitoa nusu bado anakula na kusaza. Mwenye kipato kidogo akitoa hiyo 30 inayosifiwa, watoto wanaweza kulala njaa. Na watu wawili wasio na mtoto hawalingani na nyie wanne hata mapato yakiwa sawasawa. Kwenu inabaki 32: chakula, ada, nauli, madeni, dawa. Wewe unaishi ndani ya 100 ya kwenye karatasi, mkeo anaishi ndani ya hiyo 32. "Hatuiwezi" yake ni hesabu nzima kwa neno moja.

Sasa hili la kutoonekana nyumbani. Umeliandika kama kelele za mtu aliyeshindwa hoja. Kuna shirika huko Marekani, National Low Income Housing Coalition, ambalo hukokotoa mtu anapaswa kulipwa kiasi gani kwa saa, akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 52, ili nyumba na bili zake zisipite asilimia 30. Tukufanyie wewe. Ili 33 iwe asilimia 30, mapato ghafi yawe 110. Mkeo ana 10 ya uhakika, kwa hiyo wewe unatakiwa kuleta 100. Kama 70 yako ni ya saa 40, basi kwa malipo yaleyale ya saa utafanya kazi kama saa 57 kila wiki, mwaka mzima, bila kuugua. Mkeo hajabadilisha mada, mwanangu. Hayo ndiyo mazungumzo yenyewe. Hiyo ofisi utaikalia saa ngapi?

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Watu wanajua neno la siri la simu ya mwenzao, wanakagua mpaka ujumbe uliofutwa, lakini hati ya mshahara hawajawahi kuonyeshana. Bwana anataja mshahara mkubwa kuliko alionao ili aheshimiwe, bibi anataja faida ndogo kuliko aliyopata ili abakishe akiba ya dharura, kisha wanakwenda kupanga nyumba kwa namba mbili za uongo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi hata daftari lipo, ila kila mmoja ana lake. Hao rafiki zako waliohama, umeona sebule zao. Madaftari yao umeyaona? Ukichwa wa familia hauhitaji vyumba vinne. Mtu hujikuna ajipatapo.

Hukumu yangu: mkeo yuko sahihi, na usihame.

Weka hati ya mshahara mezani leo, mkeo alete vitabu vya biashara yake, mpige hesabu pamoja kwa mwezi mbaya. Kama watoto kweli wanabanana, kuna nyumba za vyumba vitatu, na hiyo ofisi ingoje. Kabla ya kuhamia hata huko, jaribuni nusu mwaka kuweka benki kila mwezi tofauti kati ya pango la sasa na gharama zote za huko. Mkiikomba kabla ya mwezi kuisha, mmepata jibu bila kubeba hata godoro.

Jambo la mwisho. Umeandika "nyumba yetu mpya" kama mtu mwenye funguo mfukoni. Ikiwa umeshatoa amana kimyakimya, mwambie mkeo mwenyewe kabla hajasikia kwa dalali, na kesho asubuhi kamuulize mwenye nyumba masharti ya kurudishiwa. Mkataba usiuguse.