Msiniandikie "bibi ametulia"

Juzi kwenye raundi nimekuta tena faili limeandikwa: "Ametulia, hana malalamiko." Bibi wa miaka themanini, siku ya pili baada ya hemi, yaani upasuaji wa kuweka nusu ya nyonga ya bandia! Wadogo zangu madaktari mnaoanza uintani, mwaka wa mazoezi, hapa Moshi, tuongee.

1. Kesho yake ya upasuaji bibi atoke kitandani. Fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, akichelewa, nyie mna mikono. Na visigino, kwa ajili ya vidonda vya kulalia, mfunue shuka muvione, msiulize.

2. Mpira wa mkojo utoke mapema. Ukitoka, hakikisheni amekojoa. Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia.

Nikiwa intani nilikuwa na bibi wawili waliovunjika nyonga, vitanda jirani. Mmoja usiku kucha anang'oa dripu na kuita mbuzi wake kwa Kichaga. Wodi nzima tuko kwake. Wa pili, wa Kibosho, kimya. Nikisema "Shikamoo bibi," anainua kope, anafumba. Naandika: ametulia. Siku ya tatu binti yake akanivuta koti: "Dokta, mama hajanigombeza tangu jana. Nimeleta mtori una mabonge, kanyamaza tu." Nikacheka! Nikamwambia, basi na wewe upumzike, mama.

Saa mbili usiku sista wa zamu akamgusa tumbo: kibofu kimefika kitovuni. Oksijeni ya damu imeshuka hadi asilimia 84, pafu la kulia linakoroma. Mkojo ulitoka zaidi ya lita moja, mimi nimeshika mfuko, sina la kusema. Mpiga kelele na mkimya walikuwa na tatizo moja, kuchanganyikiwa kwa ghafla, ila huyu alichanganyikiwa kimyakimya. Nimonia ilipona. Miguu haikurudi, na kabla ya kuanguka alikuwa akienda mwenyewe sokoni Kiboriloni.

Kwa hiyo kila asubuhi: leo siku gani, bibi? Hapa ni wapi? Nitajie siku za wiki kinyumenyume. Ndugu akikwambia "huyu siye mama ninayemjua," acha kalamu, anza kumpima upya.

3. Ukiandika tramadoli ya maumivu, andika na dawa ya kulainisha choo, maana inafunga choo. Basi.

4. Kabla ya kuruhusu, ulizeni choo cha nyumbani. Hemi na choo cha kuchuchumaa haviivi chungu kimoja. Ulizeni na kigoda cha jikoni. Mmoja nilimwonya kuhusu choo, nikasahau kigoda, wiki ya pili karudi nyonga imechomoka, ananiambia, "Nilikaa kidogo tu baba, nimenye ndizi."