Fundi aliondoa kinga ya msumeno: je, kosa ni lake?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina karakana ya samani huku Keko, Dar es Salaam, yenye mafundi saba. Mwezi uliopita mmoja wao alikatwa vidole viwili na msumeno wa mashine akipasua mbao ya mninga. Kinga aliiondoa mwenyewe akidai inamchelewesha, na hana mkataba wa maandishi. Nimewanunulia wote glavu. Je, nina wajibu gani zaidi?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyomfika fundi wako. Nianze na glavu, maana ndizo zinazonitia hofu: zipige marufuku leo kwenye msumeno. Meno yanayozunguka hunasa kitambaa na kuuvuta mkono kabla mtu hajawahi kuurudisha. Glavu zitumike kubebea mbao zenye vibanzi na kupakia vanishi.

Kuhusu kinga, ulizia kwanza kwa nini iliondolewa. Mara nyingi huwa imepinda, au imejaa vumbi hata fundi haoni mstari alioupiga kwa penseli, na kwa kuwa analipwa kwa kila kitanda anachokamilisha, dakika inayopotea inatoka mfukoni mwake. Hapo siwezi kumtupia lawama zote. Inyooshe kinga hiyo, iwe inasafishwa kila asubuhi, wape mafundi kijiti cha kusukumia vipande vifupi, na mashine isiyo na kinga isiwashwe hata kama mteja amesimama mlangoni. Vumbi lenyewe si la kupuuzwa: tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwisha mwajiri wajibu wa usalama, awe na mafundi saba au mia saba, na karakana yako inapaswa kusajiliwa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Ukosefu wa maandishi haukuondolei dhamana, kwani makubaliano ya mdomo nayo ni ajira. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo usimkate fundi hata shilingi. Nenda ofisi za Mfuko huo wiki hii ukatoe taarifa ya ajali, ukajisajili kama bado, na uchukue vyeti vyote vya hospitali, pamoja na risiti za dawa alizojinunulia.