Beji iliyoguswa sio lazima iwe feki (kwa mnaoanza kukusanya beji za Wajerumani za Vita vya Pili vya Dunia)

Haya wageni karibuni, naona swali ni lile lile kila siku, "kaka hii pini yake imebadilishwa, ni feki?" Mimi kabla ya kujibu nauliza nani aliigusa, yaani aliirekebisha au kuibadilisha, lini, na alikuwa anatafuta nini. Ukishajua hayo jibu lenyewe linakuja.

Tuchukue Infanterie-Sturmabzeichen, yaani beji ya mashambulizi ya askari wa miguu, maana ndiyo mtakutana nayo sana, ile yenye tai aliyeshika swastika (alama ya Wanazi) juu, bunduki ya singe imelala mshazari na majani ya mwaloni kuzunguka. Ilianza 20 Desemba 1939, rangi ya fedha kwa askari wa miguu, halafu 1 Juni 1940 ikaongezwa ya bronzi kwa wale wa kwenye magari. Aliyeshiriki mashambulizi matatu kwa siku tatu tofauti aliipata, kwa hiyo zilitoka nyingi kweli kweli, na zilivaliwa vitani huko huko, zinakwaruzwa na mikanda, zinanasa kwenye makoti, pini inakatika, fundi wa kikosini au sonara wa mtaani anachomelea nyingine, maisha yanaendelea. Beji ya hivyo ni ya kweli na mimi binafsi naipenda kuliko ile inayong'aa kama imetoka dukani jana.

Halafu kuna zilizoguswa baada ya 1945. Wengine walichukua tupa wakasaga swastika ikaisha, wanajeshi wa Marekani nao walizibeba kama kumbukumbu, wakakata pini wakazibana kwenye mikanda ya suruali. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikatunga sheria ya kuruhusu kuvaa nishani za vita bila swastika, viwanda vikatengeneza mpya kabisa zisizo nayo. Hizo za 1957 sio feki, ila sio za vitani pia, mtu asikuuzie kwa bei ya vitani.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza, nalo ni zilizochakachuliwa ili bei ipande. Mwaka wangu wa kwanza huku Ujerumani nilinunua moja kwenye soko la vitu vya zamani siku ya Jumapili. Sasa huku sheria inakataza kuonyesha swastika hadharani kwa hiyo wauzaji wanabandika kastika kadogo juu yake, na mimi kwa aibu ya ugeni sikuomba kukabandua, nikalipa nikaondoka. Nyumbani nikabandua nikaweka lenzi ya sonara, naona mistari ya tupa inatokea chini ya swastika, pembeni kuna ukingo wa risasi ya kulehemu inameta, na rangi ya fedha kuzunguka hapo imeungua. Beji ya kweli ya vitani, mzee wa watu aliisaga, mjanja akairudishia swastika. Nilipigwa mchana kweupe. Tangu siku hiyo mahali palipobandikwa kitu ndipo naangalia kwanza, mwenye meza akinuna shauri yake.

Metali jifunzeni mapema. Za mwanzo nyingi ni tombaki, aloi ya shaba na zinki, nzito kidogo na inashika lehemu vizuri. Kadiri vita ilivyoendelea wakahamia zinki, ambayo rangi yake ya juu inapotea yenyewe inabaki kijivu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 tu na kulehemu kwake ni kazi ngumu, ndiyo maana kwenye za zinki mara nyingi bawaba na ndoano ya pini zilibanwa ndani ya metali yenyewe. Ukiona beji ya zinki ina tone kubwa la risasi mgongoni, ujue mtu alikuja baadaye. Mtu gani, hilo ndilo la kuchunguza: risasi ya zamani imefifia na uchafu umepita juu yake ukaendelea hadi kwenye beji bila kukatika, ila ya juzi inameta, na uchafu unaishia pembeni kama umechorwa kwa rula. Tupia taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) pia, gundi za kisasa mara nyingi zinawaka, ila isipowaka usishangilie.

Halafu msiabudu chapa ya kiwanda mgongoni. Kiwanda cha beji cha Rudolf Souval cha Vienna kiliendelea kutengeneza baada ya vita, kwa hiyo jina linaweza kuwa la kweli lakini beji ikawa ya baadaye.

Macho haya haya yanafaa hata kwa nyumbani. Ile Africa General Service Medal, medali ya Waingereza waliyopewa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), huwa na namba na jina la askari pembeni kwenye ukingo, na kuna watu wanasaga jina wanaandika lingine. Pima kipenyo kwa kalipa, ni mm 36, ikipungua au ikicheza cheza ukigeuza, tupa ilipita hapo.

Na jamani msisafishe! Kuna dogo aliniletea beji yake niiangalie, kaisugua na dawa ya meno usiku kucha ili ipendeze, pini imebadilishwa, zamani au juzi hata mimi nikashindwa kumwambia maana uchafu wote niliotaka kuusoma ulishaenda na maji ya sinki.