Tengeneza mambo ya nyumba yako ungali na nguvu

Nimo kwenye zamu ya wazee wa kanisa wanaotembelea wagonjwa, na wengine tumewasindikiza hadi mwisho. Mkristo anapojua kwamba saa imekaribia, mara chache huuliza mbinguni kukoje. Humtaja mtu: ndugu waliyekosana, jirani aliyemega shamba lake, mtoto aliyemfukuza.

Mama mmoja alitukatiza katikati ya sala, akaomba simu. Hakuwa amesemezana na mdogo wake tangu walipogawana shamba la baba yao. Namba aliyokuwa nayo haikupatikana, ikabidi tumpigie binamu yao atupe nyingine. Aliongea kwa shida, pumzi zikimkatika, lakini "nisamehe" ilitoka, na upande wa pili tukasikia mtu akilia kwa sauti. Ndipo akasema sasa tuendelee, apokee Meza ya Bwana. Kuna wengine ambao ndugu alifika na basi la usiku akakuta mgonjwa hatambui tena mtu.

Sisemi mtu huokolewa kwa kulipa madeni. Yule mhalifu msalabani hakuwa na muda wa kurudisha chochote, na Yesu alimwahidi peponi siku ileile. Lakini Zakayo, yule mtoza ushuru, muda alikuwa nao, akaahidi kurudisha mara nne. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika Kenya na Tanganyika, walilishika hili: aliyeokoka alirudisha alichoiba na kumwendea aliyemkosea. Siku hizi tunatubu kimyakimya chumbani, kisha tukimwona mhusika sokoni tunabadili njia. Hilo linanihuzunisha sana.

Waebrania 9:27 inasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Mfalme Hezekia alipougua na kuambiwa, "Tengeneza mambo ya nyumba yako," alilia, akaongezewa miaka 15. Mimi na wewe hatujaahidiwa hata wiki.

Kwa hiyo anza na jina lililokujia ulipokuwa unasoma. Mpigie, au bora umfuate kwake. Usianze kueleza nani alikosea kwanza. Omba msamaha kwa sehemu yako tu. Deni lililokushinda, nenda ukaongee na anayekudai badala ya kuzima simu. Andika wosia pia. Kwa Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huwasaidia watu kuuandika na kuutunza. Kuandika wosia si kujitabiria kifo, na nimeona watoto wa mzee mcha Mungu wakifikishana mahakamani kabla arobaini haijafika.

Huenda utakayemfuata akakataa kukusikiliza. Paulo alilijua hilo, ndiyo maana aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wake mwachie Mungu, endelea kumwombea kwa jina, na mlango wako usiufunge.