Kushuka Kibosho mvua ikinyesha: kwa nini pikipiki inateleza

Kaka, umeuliza kwa nini ukishuka Kibosho kuja Moshi mjini na mikungu ya ndizi, njia ikiwa imelowa, ukikanyaga breki kwa nguvu pikipiki inateleza badala ya kusimama.

Breki inazuia tairi tu. Kinachosimamisha pikipiki ni msuguano kati ya tairi na barabara. Tairi likiwa bado linazunguka, ile sehemu inayogusa chini haitelezi, imeshika. Likifunga kabisa linaanza kuburuzika, na msuguano wa kitu kinachoburuzika huwa mdogo kuliko wa kitu kilichoshika. Ndiyo maana nakusihi: bana breki taratibu, zote mbili, na ukihisi tairi la nyuma linayumba, legeza kidogo lizunguke tena. Ingiza gia ndogo tangu juu ya mteremko, injini ikusaidie kuzuia.

Wenzako wa kijiweni wanaosema mzigo unasaidia kushika barabara wamesema nusu tu. Uzito unaongeza msuguano, kweli, lakini unaongeza vilevile nguvu inayotakiwa kukusimamisha, na mteremko nao unauvuta mzigo huohuo kwenda chini. Hupati faida yoyote.

Ogopa zaidi mwendo. Ukitoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kubana breki unakuwa mara 4, si mara 2, na hapo sijataja tope.

Hilo tairi kipara ulilolitaja libadilishe kabla masika hayajakolea. Meno ndiyo yanayopitisha maji pembeni ili mpira uguse barabara.